Insha Kwenye Kamba ya Nguo

Nilipostaafu ufundi bomba nilijiunga na chuo cha watu wazima, nikidhani insha ni mdomo tu. Mara mbili mwalimu alinirudishia: "Haina mpangilio." Ya tatu ilitakiwa jioni ile; nikifeli narudia mwaka. Mada: mji ujenge soko kubwa moja au madogo mengi?

Nikaandika kila hoja kwenye karatasi yake, nikazibana kwenye kamba ya nguo. Nikizipanga hivi zinagombana, vile zinanuniana. Utangulizi ulikuwa mrefu hata ndege waliuvuka kwa kupumzika njiani.

Mama watoto akatokea na beseni la mashuka. "Mzee, toa takataka zako."

"Ni insha hiyo!"

"Inasema nini?"

Nikaanza na masoko tangu dunia iumbwe.

"Nimeuliza inasema nini! Kubwa au madogo?"

"Madogo!" nikafoka. "Lile kubwa liko mbali, ukifika nyumbani nyanya zimezeeka kuliko mimi!"

"Si ungesema hivyo tangu asubuhi?" Akazing'oa karatasi zote, akaanika mashuka.

Nikaiandika sentensi yangu ya nyanya juu kabisa ya karatasi mpya. Karatasi mbili tu ndizo zilizoiunga mkono. Utangulizi wangu, jasho la wiki nzima, aliufutia beseni. Niliwahi kwa mwalimu, lakini mama watoto bado nimemnunia.