Mto wa Ukurasa wa Arobaini

Katika ukoo wao yeye ndiye aliyesoma kuliko wote, ndiyo maana hata watoto walimwita Msomi, na jina likamganda. Alizaliwa kwenye kisiwa kidogo kuliko vyote nchini, ambacho ukianza kukizunguka kwa miguu baada ya chai ya asubuhi, unarudi kabla jua halijafika utosini. Mama yake alipofariki alilelewa na mama yake mdogo, aliyefua nguo za watu. Sasa alikuwa ofisa wa mazingira wizarani, kwenye kisiwa kikuu. Kabla serikali haijajenga kitu, yeye ndiye aliyeandika kitaharibu nini na wananchi watasaidiwaje.

Serikali ilitaka kurefusha uwanja wa ndege wa kisiwa kile kidogo ili ndege za watalii ziweze kutua. Mkurugenzi alimpa Msomi siku kumi na moja, maana wakopeshaji walikuwa wanasubiri ripoti. Siku tisa zikaliwa na semina ya kulinda bahari, hotelini, ambako kila mshiriki alipewa chupa nne za plastiki za maji kwa siku. Siku ya kumi akafungua kompyuta, akatafuta ripoti ya uwanja mwingine wa nchi ya mbali, akabadilisha jina la nchi kila lilipotokea. Akafuta tembo. Akafuta reli. Kusafiri kwenda kisiwani hakusafiri. Alijiambia pale ni kwao, ataonyeshwa nini asichokijua?

Mkutano wa wananchi ulifanyika darasani, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Msomi alisoma kwa sauti nzuri. Alipofika ukurasa wa arobaini akasoma kwamba visima sita vya upande wa uwanja vitafungwa, na wakazi wataendelea kupata maji ya kutosha kutoka mtoni.

Alilisikia neno likimtoka mdomoni. Kisiwa kile hakina mto. Hata kijito hakina. Watu hunywa maji ya visima na ya mvua, na yeye mwenyewe alikua na ndoo kichwani, kisimani na kurudi, kila siku ya Mungu.

Alingoja kicheko, lakini hakuna aliyecheka. Mama mdogo, aliyekalishwa dawati la mbele kwa kuwa mwanawe ndiye mgeni rasmi, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, huo mto mtauchimba, au utakuja kwa mabomba?"

Hakuwa anamkejeli. Angemkejeli ingekuwa nafuu. Aliuliza kama mtu anayeuliza boti inafika saa ngapi. Kama kitabu cha serikali kimesema mto, basi mto unakuja, na mwenye kitabu ni mtoto aliyemlea mwenyewe. Darasa zima likamgeukia Msomi. Mkurugenzi, aliyekuja naye, akatazama saa yake.

"Utakuja kwa mabomba," Msomi akasema. "Kwa awamu."

Wakapiga makofi. Karatasi ya kukubali mradi ikapitishwa, na mama mdogo akawa wa kwanza kubonyeza dole gumba. Msomi alipanda boti ya saa nane bila kupita nyumbani, akisingizia kazi.

Alijiahidi kuusahihisha ukurasa ule wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa wiki nyingine. Ya tatu, mama mdogo akapiga simu kumsalimu, na katikati ya salamu akamweleza kwamba jirani yao, fundi seremala, amekifukia kisima chake kwa kifusi na kuongeza karakana juu yake. Fundi alikuwa amesema hana haja ya kungoja serikali ije kukifunga, na mto uko njiani. Yeye mwenyewe, mama mdogo alisema, anafikiria bomba lake liwekwe upande gani ili asihangaike na nguo. Msomi aliitikia ndiyo, ndiyo, mpaka simu ikakatika. Akaenda msalani pale ofisini, akanawa uso mara mbili, wala hakuinua macho kwenye kioo.

Asubuhi yake alipanda boti. Alimkuta mama mdogo uani akianika mashuka, akasimama upande wa pili wa shuka bichi ili wasionane.

"Mama, mto haupo. Haujawahi kuwepo. Nilinakili ripoti ya watu, nikasahau kuufuta."

Mikono ya mama mdogo iliendelea kubana shuka kwenye kamba. "Na mabomba?"

"Niliona haya kusema nimekosea."

Hakumuuliza habari za mkurugenzi wala za serikali. Alisema tu kwamba yeye ndiye aliyetangulia kutia dole, na waliofuata walikuwa wanaliangalia dole lake. Kisha akamwaga maji ya beseni, akajitanda mtandio.

"Utasema mwenyewe," alimwambia. "Mimi nitabisha hodi tu."

Walipita nyumba arobaini na tatu. Nyumba ya kwanza Msomi alianza na maneno ya ofisini, kwamba kulijitokeza dosari katika uandaaji. Mama mdogo akakohoa. Akaanza upya. Kufikia nyumba ya kumi, neno "niliwadanganya" lilikuwa linamtoka bila kukwama, na hilo likamtisha. Wachache walimtukana. Wengi walimpa kiti, wakampa pole kwamba kazi za ofisini zina mambo mengi, na pole zile zilimchoma kuliko matusi. Uso umeumbwa na haya, lakini wake siku ile haukuwa na pa kujificha.

Fundi seremala aliachwa mwisho. Alikuwa anapiga randa mlango, amesimama pale pale kilipokuwa kisima. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe si ulizaliwa hapa?"

"Nilizaliwa hapa."

Akarudi kwenye randa yake.

Wananchi waliandika barua ya kuondoa ridhaa yao, Msomi akaipeleka pamoja na barua yake ya kukiri. Mkurugenzi alizisoma zote mbili, akamwambia kwa upole kwamba amejichimbia kaburi bure, maana hakuna mtu anayefika ukurasa wa arobaini. Wakopeshaji lakini waliufikia, safari hii. Ripoti mpya iliandikwa na mtu mwingine, aliyekaa kisiwani mwezi mzima. Uwanja ulirefushwa upande wa pili, mfupi kuliko ilivyotakiwa, na visima vitano vikapona. Msomi alihamishiwa kazi ya kupima chumvi ya visima vya visiwa vyote kila baada ya miezi mitatu, kazi ambayo wenzake waliikimbia kwa sababu ya boti.

Akifika kwao hulala kwa mama mdogo. Naye humkaribisha kama zamani, ila watu wakimuuliza siku hizi mwanao anafanya nini, hujibu, "Si huyo hapo, muulizeni."

Fundi alikuwa amevunja sakafu ya karakana na kukifukua kisima. Maji yalirudi, ila yalirudi na chumvi. Kila Msomi akija, fundi huvuta ndoo moja na kuiweka chini mbele yake. Msomi hutumbukiza kipimo, akasoma, akaandika.

"Bado?" fundi huuliza.

"Bado."

Fundi huichukua ndoo, akayamwaga maji nje ya mlango, akaingia ndani kuendelea na kazi.