Mkanda wa Meneja

Mbwa yule aliitwa Meneja kwa sababu hakufanya kazi yoyote na kila mtu alimheshimu. Kutwa alilala chini ya meza ya kukatia nguo, kidevu juu ya vipande vya vitambaa, na wateja wa Fundi walishajifunza kumruka bila kumkanyaga mkia. Alikuwa na kifafa. Mara moja au mbili kwa mwezi miguu ilikakamaa, meno yakagongana, povu likamtoka. Kwa miaka minne aliyepiga magoti kando yake, akasogeza pasi ya moto, akahesabu dakika na kumwita mpaka fahamu zimrudie, alikuwa Fundi.

Mbwa alikuwa wa dada yake Fundi, lakini dada alishinda kazini, katika ofisi ya shule. Jioni alipokuja kumchukua, hata salamu hajamaliza: "Mdogo wangu, leo Meneja alikuwaje?" Hapo Fundi alifungua daftari la vipimo vya wateja. Kati ya kiuno cha huyu na mabega ya yule palikuwa pameandikwa: Meneja, saa nne, dakika mbili. Swali lile la dada alilipenda kuliko sifa ya mteja yeyote.

Kisha dada akaolewa.

Shemeji alikuwa fundi simu, duka lake ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango wa Fundi. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomuudhi Fundi, maana mkorofi ungemchukia mara moja ukaendelea na kazi zako. Mwezi wa tatu wa ndoa alikuja na mkanda mweusi wa shingoni wenye kidude kidogo kama kiberiti.

"Shem, hiki kinahesabu mapigo ya moyo. Kinajua akilala, akitembea, akitetemeka. Akianza tu kuanguka, simu yangu inalia, ya dada yako inalia, na ripoti inakwenda kwa daktari wa mifugo. Nikuwekee na kwako?"

"Mimi nina macho."

"Macho yanachoka, shem."

"Yako, labda. Unayashindisha kwenye vioo vya simu."

Shemeji akacheka kwa moyo mweupe kabisa. Fundi akatamani angalau angenuna.

Jioni ile dada aliingia macho yakiwa kwenye simu. "Naona leo umelala kwa saa sita na nusu," alimwambia mbwa, akimkuna sikio. "Na moyo wako mzuri, baba." Kisha akamfunga kamba, wakaenda. Daftari lilikuwa tayari mkononi mwa Fundi. Alijiona kama kifungo kilichong'oka kwenye shati, na shati likavaliwa vilevile.

Wiki ile wivu ulimkaa kooni kama pini iliyomezwa. Kila taa ya kijani ya kile kidude ilipowaka, aliona shemeji anamkonyeza kutoka ng'ambo. Siku moja shemeji alipiga mluzi akiwa mlangoni kwake, na Meneja, aliyekuwa hatingishi mkia kwa mtu bure, akautingisha.

"Msaliti," Fundi alimwambia.

Wazo lilimjia akiwa anashona jinzi. Cherehani yake ya umeme ikipita kwenye pindo nene ilitikisa meza nzima, mpaka mikasi ilicheza. Jumatatu asubuhi alimvua Meneja mkanda, akaufunga kwenye shingo ya cherehani, akakanyaga pedeli kwa nguvu zote. Alipoinua mguu alimrudishia mbwa mkanda wake, akaokota sindano na kujifanya anatunga uzi.

Shemeji aliingia mbio, ndala moja mguuni, nyingine mkononi. "Ameumia?"

"Nani?"

"Meneja! Simu imelia."

"Meneja anakoroma. Kidude chako kinaota."

Shemeji alipiga magoti, akashika kifua cha mbwa, akatazama simu, kisha akamtazama Fundi kwa huruma. "Ulikuwa umeinamia cherehani, shem. Hukuona. Usijilaumu."

Usijilaumu! Afadhali angemzaba kofi.

Na jioni dada naye: "Dakika nzima, mdogo wangu, na wewe uko hapohapo!"

"Hakuanguka, dada."

"Mkanda umeonyesha."

"Na mimi nakwambia hakuanguka!"

"Sasa mkanda udanganye ili iweje?"

Hapo angeacha. Lakini Fundi hakuwa mtu wa kushindwa na kitu cha kuchajiwa. Jumatano alirudia kwa turubai. Alhamisi alirudia mara mbili, na kila mara aliapa kuwa mbwa alikuwa amelala fofofo. Kadiri alivyoapa, ndivyo walivyozidi kumwona mzembe anayejitetea.

Jumamosi mchana dada na mumewe walirudi kutoka kwa daktari.

"Ameona ripoti," dada alisema. "Mara nne ndani ya wiki moja. Ameongeza dawa. Badala ya kidonge kimoja sasa viwili, asubuhi na jioni."

Mkasi wa Fundi ulikwenda upogo, ukala mkono wa gauni la watu. Alifungua mdomo. Shemeji alikuwa amesimama pale, anamfuta mbwa tongotongo kwa kidole chake mwenyewe. Mdomo ukafungika.

Kufikia Jumatatu miguu ya nyuma ya Meneja ilikuwa kama nguo mbichi. Alijaribu kuinuka mteja alipoingia, akaanguka ubavu, akateleza sakafuni. Baadaye alijikojolea palepale alipolala, akaugeuzia ukuta uso.

"Fundi, Meneja kalewa?" mteja alitania.

Fundi hakucheka. Alichukua kitambaa, akapiga magoti, akafuta. Miaka yote alitaka awe yeye peke yake anayejua mbwa yule ana nini. Sasa alikuwa yeye peke yake.

Saa kumi na mbili jioni dada aliingia na vidonge viwili ndani ya kipande cha nyama, mumewe nyuma yake. Aliinama. Fundi akamshika mkono.

"Usimpe."

"Niache, muda umefika."

"Dada, usimpe. Hakuanguka hata mara moja. Nilimvua mkanda nikaufunga kwenye cherehani."

Shemeji ndiye aliyeelewa kwanza. Alitazama cherehani, kisha rundo la jinzi. "Zote nne?"

"Zote nne."

"Kwa nini?" dada aliuliza.

Fundi alikuwa na maneno. Mtaani walimwogopa kwa maneno. Siku ile yalimtoka matatu tu. "Ulikuwa unaniuliza mimi."

Dada aliutoa mkono wake. Kisha akampigia daktari, akamweleza yote bila kupunguza, akasikiliza. Alichomoa kidonge kimoja kutoka kwenye nyama, akampa mbwa kilichobaki. Hakufoka, na Fundi alikuwa amejiandaa kufokewa.

"Kuanzia kesho Meneja atashinda kwa shemeji yako," alisema, na wakaondoka polepole, mbwa akipepesuka katikati yao.

Kesho yake saa tatu asubuhi shemeji alivuka barabara, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Shem, hataki kula. Na dawa lazima anywe na chakula."

Furaha ilimpanda Fundi kichwani kama pombe kali. Hataki kula kwako! Alimwacha asimame. Alikata uzi ambao haukuhitaji kukatwa. Kisha akaona, kupitia mlango wa ng'ambo, kichwa cha Meneja kimelazwa kando ya bakuli.

"Unamtazama akila?"

"Namtazama, ndiyo. Nina wasiwasi."

"Hapendi. Mwekee, mpe mgongo, shika kazi yako kama hayupo."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Asante, shem."

Fundi alisimama dirishani, futi shingoni. Aliona shemeji akisogeza bakuli, akimpa mbwa mgongo, akiinamia simu ya mtu. Meneja alisubiri. Kisha akainua kichwa, akaanza kula.

Lile lilikuwa jambo la mwisho alilolijua peke yake, na sasa walikuwa wawili wanaolijua. Lilimuuma hasa. Alibaki palepale, akiumwa, mpaka mbwa akalamba bakuli likang'aa. Ndipo akarudi kwenye lile gauni la watu, kutafuta namna ya kuliokoa.