Kabla ya Saa Kumi

Saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi, mlango uligongwa mara tatu. Mwandishi aliinua vidole kutoka kwenye kompyuta, akasikiliza, kisha akavirudisha. Aliyegonga hakuita wala hakurudia.

Hakuna aliyepaswa kugonga. Nje ya mlango palibandikwa karatasi: "Niko kazini. Nafungua saa kumi alasiri." Aliibandika katika mwaka wake wa pili wa kuandikia nyumbani, baada ya kugundua kwamba mtu anayefanya kazi chumbani kwake, machoni pa jirani, hana kazi. "Si upo tu," walimwambia, na kwa maneno hayo matatu alipokea mizigo ya watu, akawasubiria mafundi bomba, akawabembelezea watoto. Mwezi mmoja aliandika daftarini kila dakika aliyonyang'anywa. Jumla ilikuwa saa thelathini na nne. Ndipo alipoipanga siku upya: simu huzimwa saa mbili asubuhi na kuwekwa juu ya kabati, mlango haufunguliwi, kila kazi ina saa zake.

Kwao walimcheka. Kaka yake, fundi mitambo aliyemzidi miaka miwili, alimbandika jina la Bosi wa Chumba Kimoja. "Nikitaka kukuona nianze kwa sekretari?" Mwaka uliopita aliipuuza ile karatasi, akaingia saa sita mchana na soga zake, akatoka giza limeingia. Kazi ilichelewa, mteja akala kona. Kaka na dada walinuniana miezi mitatu. Siku ya kupatana, kaka aliapa mbele ya mama yao kwamba hatamsumbua tena kabla ya saa kumi, hata nyumba iwake moto.

Sasa alikuwa anasafiri. Alikuwa amepata mkataba wa miaka mitatu kwenye meli ya mizigo, na meli ingeondoka Jumamosi alfajiri. Mwandishi alikuwa amemtengea Ijumaa yote, tangu asubuhi mpaka basi la mwisho la kwenda bandarini. Ili aipate siku hiyo, ilibidi kazi ya siku tano aibane katika siku nne: mwongozo wa kurasa arobaini wa kutunza pampu za maji za mkono, wa kukabidhiwa Alhamisi saa kumi bila nyongeza. Hiyo ndiyo ilikuwa Alhamisi yenyewe. Tangu Jumatatu alikuwa ametamka kwa sauti maneno mawili tu, "mkate" na "asante", yote dukani.

Kwa hiyo aliamua kuwa mgongaji ni mama fundi, mshonaji wa ghorofa ya chini, ambaye karatasi ile hakuwahi kuitilia maanani. Akavaa hedifoni, akafungulia sauti ya mvua, akaendelea na sura ya saba, inayohusu washa, ile pete ya mpira inayozuia maji kuvuja ndani ya pampu. Hakuwahi kugusa pampu maishani mwake. Jumapili alimuuliza kaka yake kwa simu washa iliyochoka inaonekanaje. "Inaanza kuliwa ukingoni," kaka alimwambia, "kama soli ya kiatu cha mtu anayetembea upande." Sentensi hiyo aliiingiza kama ilivyo.

Saa saba alikula mkate kwa chai, amesimama. Saa nane na robo, katikati ya mvua ya hedifoni, alisikia mtu akikohoa ngazini. Ngazi ni za watu wote. Hakugeuka.

Saa tisa na dakika thelathini na nane alituma kazi. Zilibaki dakika ishirini na mbili, na simu ilikuwa hatua tatu kutoka alipokaa. Lakini ratiba ilisema saa kumi, naye alijijua: akijilegezea dakika moja leo, kesho atajilegezea saa nzima. Alifagia chumba, akatandika kitanda, akaandika orodha ya mambo ya kumuuliza kaka yake kesho. Analala na wangapi chumba kimoja? Barua atumiwe bandari gani? Nani atampeleka mama kliniki kila mwezi?

Saa kumi kamili aliwasha simu. Ziliingia jumbe sita, zote za kaka.

Saa tano na dakika kumi: "Bosi, safari imesogezwa. Meli inang'oa nanga kesho alfajiri. Basi ni leo. Napanda ngazi zako nikuage."

Saa tano na dakika kumi na nne: "Nimegonga, halafu nikakumbuka kiapo. Basi, sigongi tena."

Saa tano na dakika arobaini: "Nimekaa ngazini. Nasikia unavyoichapa hiyo kompyuta. Imekukosea nini?"

Saa saba na nusu: "Mama fundi kaniletea chai. Anasema nivunje mlango. Nimemwambia nimeshaapa, na shahidi ni mama mzazi."

Saa nane na robo: "Nimekohoa kwa makusudi. Kukohoa si kugonga."

Saa tisa na dakika tano: "Chaji inakata. Siwezi kungoja zaidi. Mwangalie mama. Usilie, utalowesha kompyuta."

Alipiga. Namba haikupatikana. Alipiga tena akiwa anashuka ngazi, na mara ya tatu akiwa mlangoni kwa mama fundi, ambaye aliinua mguu kutoka kwenye cherehani.

"Binti, wewe una moyo wa namna gani? Kaka wa watu kakalia saruji kwa saa nne nzima!"

"Kwa nini hukunigongea, mama?"

"Mimi? Mwezi uliopita si ulinifokea kwa sababu ya kifurushi? Hata hivyo nilitaka kupanda, akanishika mkono. 'Mwache, mama. Kazi yake nilishaiharibu mara moja.' Akatulia kama mgonjwa anayesubiri daktari. Kila mlango wa jirani ukilia, anasimama."

"Alisema basi la saa ngapi?"

"Hakusema. Kimbia, usisimame hapa kunihoji."

Alichukua pikipiki. Saa kumi na dakika thelathini na tano alikuwa mbele ya dirisha la tiketi kwenye kituo cha mabasi.

"Basi la bandarini?"

"Limeondoka saa tisa na dakika hamsini, dada," alisema karani. "Ndilo la mwisho."

"Kesho?"

"Saa moja asubuhi. Linafika saa saba mchana."

Alimweleza mtu anayemtafuta: mrefu, begi la kijani, anakwenda melini. Karani hakumwacha amalize.

"Yule? Leo kanitoa jasho. Kakata tiketi ya saa saba. Akanipigia, nimsogeze la saa nane na nusu. Nikamsogeza. Akapiga tena, nimsogeze la mwisho. Nikamuuliza, kaka, unasubiri nini huko, mke anajifungua? Akacheka tu. Nikamwambia hakuna kusogeza tena, hapa si bembea."

"Alipanda?"

Karani aliinua karatasi tatu za orodha ya abiria, akazigeuza upande wa dirisha. Katika ya kwanza jina la kaka lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu. Katika ya pili lilikuwa limekatwa vilevile. Katika ya tatu halikukatwa. Lilikuwa mbele ya kiti namba thelathini na moja, na kando yake palikuwa na alama ya vema.

"Alipanda," karani alisema.