Ngazi ya Mzee Sindayigaya

Ukitaka kumchokoza Scola Sindayigaya, mwoneshe picha ya kitu kizuri kilichotengenezwa mbali, kisha umwambie unataka kama hicho. Mama Melania alifanya hivyohivyo. Alitoa simu, akamwonesha ngazi ya kioo inayoning'inia kana kwamba haishikwi na chochote, akasema hiyo ndiyo anayoitaka katika spa yake.

Spa yenyewe ilikuwa imesimama kwenye mteremko juu ya Katonga. Chini ni mapokezi, juu ni vyumba vya kusingwa na kukandwa, madirisha yakitazama ziwa. Kati ya chini na juu palikuwa na uwazi mpana wa mviringo, na uwazi huo ndio aliokabidhiwa Scola, fundi chuma na mchoraji wa kazi zake mwenyewe.

Scola alimwambia waziwazi kwamba kioo na nyayo zilizopakwa mafuta havikai nyumba moja. Melania hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi. Alianza kwa kukaanga migebuka mwaloni, na hapo alipofika hakufikishwa na mtu. Alijibu kwamba anataka vyote viwili: mgeni aingie abaki mdomo wazi, na bibi wa watu apande bila kushikwa mkono. Akauliza ni nani atakayempa uhakika huo.

Mdomo wa Scola ukatangulia kichwa. "Baba yangu," alisema. "Atapanda kwa hiari yake. Akiishia chini, naing'oa kwa mikono yangu na kioo chako nakuwekea."

Ciza, mwenzake wa karakana, aliposikia aliangusha futi kamba. Buzebazeba nzima ilimjua Mzee Sindayigaya. Ujana wake wote alikuwa mkwezi wa michikichi, hadi siku mkanda wake wa kukwelea ulipokatika. Mguu ulipona, moyo haukupona. Tangu hapo hakuinua unyayo juu zaidi ya kizingiti cha mlango. Harusi ya mwanawe Feliksi ililiwa ghorofani. Mzee aliletewa pilau yake chini, akaila kati ya pikipiki, akasema huko ndiko kwenye upepo mzuri.

Scola hakuwa na wazimu. Aliiamini mikono yake, basi. Ila michoro haikumtii. Alichora, akafuta, akachora tena, na kila alichochora kilikuwa ngazi tu, ya kupandia na kushukia. Ciza akaanza kuulizia bei ya vioo, kwa utani ambao haukuwa utani sana.

Siku moja Scola alitaka kupima ukingo wa juu, akakuta wapiga plasta wameichukua ngazi yao. Akampigia baba yake, akamwomba amtumie ngazi kwa bodaboda, upesi. Alikuwa na hakika mzee ataazima ile ya jirani.

Bodaboda akafika na mkungu wa chikichi, mwekundu, umefungwa nyuma ya kiti kama abiria. Kwa Mzee Sindayigaya, ngazi ni matunda ya mti wake, yale yanayokamuliwa mawese. Ile nyingine, ya kupandia, hakuwa na habari nayo tena. Ciza alicheka mpaka akashika ukuta.

Scola alikasirika. Akauangalia ule mkungu kwa hasira, na hasira ikamwishia njiani. Akilini aliuona mti ulikotoka: shina limesimama, vigutu vya makuti yaliyokatwa vikilizunguka hadi juu, na baba yake ndani ya mkanda, ameegemea nyuma kwa raha, kama mtu aliye kwenye kiti chake barazani. Ameegemea nyuma! Ngazi zote alizochora zilimpa mtu cha kushika pembeni. Hakuna hata moja iliyomshika mgongo.

Wakaanza kazi. Nguzo moja ya chuma katikati. Vipago vya mninga, vya kukanyagia, vikatoka humo kimoja baada ya kingine vikizunguka, vinene shinani na vyembamba nchani, juu vimechanjwa mifereji ili mafuta yasimtelezeshe mtu. Upande wa nje ukapita mkanda mpana wa chuma, umesukiwa kamba ya katani, ukipanda na kuzunguka usawa wa kiuno. Kuukunja mkanda ule kulimtoa Ciza jasho na matusi ya Kirundi. Lakini uliposimama, naye alinyamaza.

Melania alikuja, akaizunguka ngazi, akapitisha kiganja kwenye kamba. Alisema kioo chake amekisahau. Ila ahadi ni ahadi, mzee na aje.

Mzee akaja na koti lake la kanisani. Mafundi wakaacha kazi, wahudumu wakajipanga mlangoni. Scola akamwamkia, akaitikiwa, na kwa mara ya kwanza aliogopa. Kioo hakikumsumbua tena. Aliogopa kumwona baba yake akiaibika mbele za watu, na kwamba yeye, mwanawe, ndiye aliyemleta.

Mzee akagonga kipago kwa kifundo cha kidole. Akatazama juu, kisha haraka akatazama chini.

"Umeuiga mti wangu."

"Ego, baba, nimeuiga."

"Mti huo ulinitupa, mwanangu."

"Mti haukukutupa, baba. Ni mkanda. Na huu nimeufunga mimi."

Mzee akakanyaga kipago cha kwanza, akageuza mgongo, akauegemeza kwenye kamba kwa uzito wake wote. Chuma hakikulia. Akakaa hivyo kitambo, macho kayafumba. Kisha mguu mmoja ukapanda, mwingine ukaufuata, mgongo ukiteleza kwenye mkanda. Akapotea nyuma ya nguzo, akatokea juu zaidi, akapotea tena.

Akafika. Alisimama dirishani akilitazama ziwa lote, ambalo kwa miaka hiyo alikuwa akiliona vipande vipande kati ya nyumba za watu. Kisha akageuka, akainama ukingoni, akatoa ile sauti ya mkwezi ambayo Buzebazeba ilikuwa imeisahau:

"Tokeni chini! Ngazi zinashuka!"

Wote wakaruka nyuma, Mama Melania na simu yake mkononi. Scola peke yake ndiye aliyekimbilia mbele, mikono wazi, kama utotoni, alipokuwa akigombezwa kila siku kwa kukimbilia chini ya mti kuwahi kuokota ngazi.