Marehemu Hataki Vidonge

Mume wangu alikufa dakika tatu, na tangu aliporudi hajanyamaza hata moja.

Tuna kibanda kimoja, tumekigawa katikati. Upande wake anachonga funguo, upande wangu nabadilisha zipu za mabegi na suruali za watu. Siku hiyo alikuwa anachonga ufunguo wa stoo ya shule, mara nikasikia mashine inasaga peke yake. Kuchungulia, mtu yuko chini, jasho kama kamwagiwa ndoo. Mimi na majirani tukambeba mpaka hospitali, na huko ndani moyo ukasimama. Daktari alimkandamiza kifua mpaka ukashtuka. Mimi nilikuwa koridoni nimekumbatia kiatu chake kimoja, na mpaka leo sijui nilimvua saa ngapi.

Neno la kwanza alilotamka halikuwa jina langu. Miaka ishirini na mbili nafua soksi zake! Alisema, "Nimerudishwa." Kisha akatusimulia, mimi na dada yake: alikuwa gizani, akaona mwanga, na sauti kubwa ikamwambia, "Rudi! Namba yako bado!"

Wifi yangu akapiga magoti pale pale sakafuni. Mimi nikabaki nimekodoa macho, maana sauti ile nami niliisikia. Katika hospitali ile, chumba cha dharura na dirisha la kuandikishia wagonjwa vimetenganishwa na ubao tu, na karani wa pale ana sauti ya kupasua vikombe. Kuna mzee alikuwa anajipenyeza mbele ya foleni. Karani akamfokea, "Rudi! Namba yako bado!" Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili.

Ningesema siku ile ile, yangeisha. Lakini mtu katoka kufa, utaanzia wapi? Nikameza maneno yangu.

Basi alirudi nyumbani mtu mwingine. Huyu aliyekuwa akisali kwenye harusi na misiba tu, tena misibani anakaa karibu na mlango, sasa akawa anaamka kabla ya jogoo. Akaacha matusi. Akampigia simu mdogo wake ambaye walikuwa wamenuniana miaka sita. Akaanza kuosha vyombo. Hapo kwenye vyombo nikasema, ee Mungu, yule karani umlipe mema.

Mtaa ukambandika jina: Marehemu. "Marehemu yupo?" "Marehemu kaenda kunyoa." Naye anaitika "Naam!" kwa furaha kabisa. Ila kazini ikawa balaa. Mteja akija kuchonga ufunguo wa jiko, anaulizwa kama anao wa mbinguni. Jamaa mmoja aliyejifungia nje ya gari huku injini inaunguruma alihubiriwa mpaka mafuta yakaisha.

Wiki ya tano, natafuta tupa ya kunolea mkasi kwenye droo yake ya kibandani, nikakuta vidonge vyake vya moyo. Vyote! Pakiti hazijatobolewa hata tundu. Na daktari alisema kimoja asubuhi, kimoja jioni, akiacha, safari ijayo harudi. Nikaenda navyo nyumbani mbio, nikamkuta amekaa na dada yake.

"Baba Watoto, hivi ni nini?"

"Vidonge."

"Naona ni vidonge, kwani nilidhani ni vifungo?"

"Mama Watoto, vidonge ni vya watu wasiojua siku yao. Mimi nimeambiwa namba yangu bado. Nikimeza, si nitakuwa nimemfanya Mungu muongo?"

"Imani hiyo!" wifi akadakia.

"Wifi, siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Huyu kaka yako akipanda ngazi tatu anashika ukuta!"

"Shetani ndiye anayemshikisha ukuta."

Weee! Hapo yakanitoka. "Yule hakuwa Mungu! Yule ni karani! Karani wa dirishani, alikuwa anafukuza mzee kwenye foleni!" Nikamwaga yote, mpaka ubao, mpaka mzee mwenyewe alivyojibu kwamba mgongo unamuuma.

"Unakufuru," wifi akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Mume wangu hakumtazama mtu. "Dada, kanunue maziwa."

"Maziwa yapo."

"Kanunue mengine."

Wifi alipotoka, nikasubiri kugombezwa. Akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba ni karani. Niliporudi kupimwa nilikaa pale kwenye benchi nikamsikia. Maneno yale yale. Safari hii alikuwa anamwambia mama mwenye mtoto."

"Sasa wiki zote hizi unatuhubiria nini?"

"Nikimeza hivi, ndiyo nimekubali kwamba sijaambiwa kitu. Kwamba nilikuwa kule peke yangu, na naweza kurudi kesho." Akafikicha macho. "Naogopa, mke wangu. Kila nikilala naogopa."

Hasira zote zikaniisha, nikabaki na huruma tupu. Kumbe yale mahubiri yote alikuwa anajihubiria mwenyewe, na mimi upande wa pili wa kibanda nasonya. Nikajiona mjinga. Nikatoboa pakiti, nikamwekea kidonge kiganjani na glasi ya maji mbele yake.

Akafumba macho. Nikajua tayari, sala ya nusu saa hiyo, kidonge kitayeyukia mkononi.

"Mungu," akasema taratibu, "hujaniambia kitu. Mimi ndiye ninayekuambia. Niache kidogo na huyu mwanamke."

Akameza. Tangu afufuke amesali mara mia, na hiyo ndiyo ya kwanza niliyoiitikia amina.