Baraka ya Njia Ndefu

Mpima ardhi alikuwa na aibu moja kubwa maishani, nayo ilikuwa aibu ya kupotea njia. Si msituni wala jangwani, hapana. Alipotea siku ya kupeleka posa yake mwenyewe, mchana kweupe, dira iko mfukoni. Wazee wake walimsihi wafuate barabara ya lami kama binadamu wengine; yeye akashikilia kwamba anajua njia ya mkato. Wakazunguka nyuma ya kiwanda cha matofali, wakaruka mtaro, wakapita kwenye shamba la mtu aliyewatukana vizuri sana, na jua limeshaanza kushuka ndipo walipotokea kwa wakwe kupitia banda la kuku. Chakula kilikuwa kimeliwa na wageni wameshaaga.

Mama mkwe aliipokea posa hivyohivyo. Ila katika familia ile baraka hutolewa uso kwa uso, na ukimpa mtu mgongo huku unambariki, ni sawa na kumlaani. Siku ya harusi ilipofika, mama alisema maneno yote yanayostahili, lakini alikuwa anatazama ukuta. Mpima ardhi alibarikiwa na sikio la kushoto la mama mkwe. Tangu hapo, bati likivuja kwake, ni baraka ya ubavuni. Mtoto akikataa uji, baraka ya ubavuni. Na mama hakuwahi kumwita mwanangu. Alimwita Bwana Dira, na jina hilo alilitamka kama mtu anayetema mbegu.

Basi kitinda mimba wa mama, aliyekuwa akifanya kazi nchi ya mbali, akapata mchumba hukohuko. Miguu ya mama haikuwa ya kupanda ndege. Akamwita mkwewe.

"Bwana Dira, mwanangu anaoa Jumamosi. Nataka kumbariki nikiwa nimemtazama. Niambie nigeukie wapi."

"Si utamwona kwenye simu, Mama," mke wa mpima ardhi akasema.

"Kwenye simu nitakuwa naitazama simu. Mimi simbariki simu."

Mpima ardhi akaitoa dira mfukoni. Hii ndiyo nafasi aliyokuwa akiiomba miaka yote. Mkewe akaenda kwenye ramani ya ukutani, akaweka kidole. "Kaka yuko huku, kulia kabisa. Ni mashariki, basi. Kuna nini cha kupima hapo?"

"Ramani ni dunia iliyolazwa," mpima ardhi akamjibu. Akachukua chungwa mezani, akatia alama mbili za kalamu, akavuta uzi kutoka alama hadi alama. "Ona. Uzi ukikazwa unapanda juu kidogo. Njia fupi ya kufika kwake inaanzia kaskazini mashariki, nyuzi arobaini za dira. Kilomita elfu tisa."

Mama alilitazama chungwa kwa makini, akalichukua, akalimenya akalila. Alisema maelezo ameyaelewa.

Sasa hapa pana jambo la kujua kuhusu watu wa kazi hii. Mpima ardhi hawezi kupima mstari upande mmoja akalala usingizi. Akishapata pembe ya kwenda, anaongeza nyuzi mia na themanini, anapata pembe ya kurudi, na zote mbili anazibeba kichwani kama mtu na kivuli chake. Wiki nzima alizirudiarudia akioga na akila, arobaini kwenda, mia mbili na ishirini kurudi, hata mkewe akamwomba ahamie sebuleni.

Jumamosi asubuhi akaja uani kwa mama, shati limepigwa pasi. Akasimamisha dira, akafumba jicho moja, akakizungusha kiti cha mama polepole, akarudi nyuma, akakisogeza tena kwa upana wa kidole.

"Mbona kimeelekea choo cha jirani?" mkewe akauliza.

"Dira haichagui," akajibu, kwa sauti ya mtaalamu.

Mama akaketi. Simu ikawekwa kwenye kigoda, sauti imefunguliwa. Kitinda mimba akasema yuko tayari, amevaa suti, wanamsubiri ndani. Mama akanyoosha mikono mbele na kuanza, na jamani, yule mama alijua kubariki. Aliwaombea nyumba yenye amani, sufuria isiyokauka, watoto wenye akili na adabu. Alipofika kwenye watoto, mlango wa choo ukafunguliwa, jirani akatoka na ndoo yake, kipara kinameta. Akakuta mikono miwili imemwelekea na anaombewa mapacha. Alikuwa mtu mwenye heshima zake. Akatua ndoo, akainamisha kichwa na kuitikia, "Amina."

Mama alipomaliza alikuwa analia na kucheka. "Leo umenifikisha, mkwe wangu," akasema. "Binti, mletee mumeo chai. Usisahau maziwa."

Mkwe wangu. Na maziwa juu. Mpima ardhi akainama kuficha furaha, na hapo chini ndipo alipokiona kivuli cha mama. Kilikuwa kimelala mbele yake, kimeelekea kule chooni.

Asubuhi. Jua liko mashariki. Anayetazama kaskazini mashariki jua humpiga usoni, halimpigi kisogoni. Akaitazama dira. Mia mbili na ishirini. Alikuwa amekiweka kiti kwa pembe ya kurudi. Mama alikuwa amembariki kitinda mimba wake kwa mgongo.

Hakuna mwingine aliyejua. Angeweza kunywa chai yake akanyamaza, na chai ilikuwa inakuja. Lakini akamwaza yule kijana na suti yake, anaingia kwenye ndoa na laana bila habari, akashindwa.

"Mama," akasema, "nimekugeuza. Mwanao yuko nyuma yako."

Mama akageuza shingo kutazama nyuma. Simu ikauliza kwa woga, "Kwa hiyo niingie au nisiingie?"

"Subiri hapohapo," mama akaiambia. "Bwana Dira, baraka hairudiwi. Ukiirudia umeikana ile ya kwanza. Kwa hiyo maneno yangu yameenda wapi?"

Mpima ardhi alitafuta chungwa. Yote yalikuwa yameliwa. Macho yake yakatua kwenye kipara cha jirani, duara safi lisilo na unywele wa kulipinga. Akauchomoa uzi mfukoni. "Jirani, samahani, niazime kichwa."

Jirani akasogea, akainama bila kuuliza. Alishaombewa mapacha, kichwa kingekuwa kitu gani.

"Mama, sisi tuko hapa kwenye paji la uso. Kijana yuko hapa juu ya sikio la kulia. Njia fupi ni hii." Akaonyesha. "Wewe umeelekea kushoto. Lakini tazama." Akauvuta uzi kupitia sikio la kushoto, akauzungusha kisogoni, akautokeza kulia. "Ukinyooka bila kukata kona, dunia inakuzungusha hadi palepale. Maneno yamefika kwake. Yamepita njia ndefu tu, kilomita elfu thelathini na moja."

Mama akaufuatisha uzi kwa kidole, kutoka paji hadi sikio, mara mbili. Jirani alivumilia.

"Yatamkuta kifuani au mgongoni?"

"Uso kwa uso, akiwa amepageuzia huku kwetu mgongo."

"Umesikia?" mama akaiambia simu. "Geuka, upe nyumbani mgongo. Pokea, halafu ingia ukaoe."

Simu ikakatika. Chai ikafika, hakuna aliyeigusa. Mpima ardhi alisimama na dira yake akisubiri hukumu.

"Siku ile ya posa ulipitia wapi?" mama akauliza.

"Nyuma ya kiwanda cha matofali, Mama. Mtaroni. Kwenye shamba la yule bwana. Nikatokea kwa kuku."

"Lakini ulifika."

"Nilifika."

Mama akanyanyuka kwa shida, akakishika kiti chake mwenyewe, akakiburuta na kukigeuza mpaka kikamwelekea mpima ardhi. Akaketi, akamtazama machoni.

"Binti, weka birika, usimame karibu na mumeo."

"Mama, umesema baraka hairudiwi," binti akasema.

"Sirudii kitu. Ile ya ukutani haikuwa baraka, ilikuwa hasira." Akanyoosha mikono. "Sogea, mwanangu."

Mpima ardhi akafungua mdomo aitikie, sauti ikagoma. Jirani, uzi bado uko kichwani, akamsaidia kusema Amina.