Kambare wa Nyamabuye Watoa Ushahidi

Jumanne saa tatu asubuhi Agneta aliketi tena kwenye benchi la ofisi ya serikali ya komine, Rumonge. Ilikuwa mara ya nne. Kijito cha Nyamabuye kilipita katika shamba la baba yake mpaka mwaka ule wa mauaji familia yao ilipokimbilia Tanzania, yeye akiwa na miaka sita. Aliporudi alikuta mawe makavu. Dismasi, mwenye mashine ya kukamua mawese, alikuwa amechimba mfereji na kuyapeleka maji kwake. Tena alikuwa amepanda michikichi kwenye nusu ya shamba.

"Amahoro, mama," alisema Niyonkuru, karani, akigonga faili mezani. "Dosiye iko hapa. Mashahidi yako iko wapi?"

"Walifia ukimbizini, mwanangu. Wote."

"Ile maji haikupitaka pale hata siku moja," alisema Dismasi, aliyeketi upande wa pili wa benchi.

Ndipo kambare wa kwanza akapenya chini ya mlango. Kambare wa mlimani ni wadogo, hawazidi kidole, na hujibana kwenye mwamba kwa tumbo na mapezi ili mafuriko yasiwachukue. Huyu alivuka sakafu, akapanda ukuta, akatulia kando ya kalenda. Nyuma yake walikuja wengine, wamelowa, bila haraka. Walikuwa wametembea kilomita tisa, na sokoni wauza dagaa waliwapisha.

Kufikia saa nne walikuwa wameujaza ukuta, kila mmoja mahali pake, na kijito chote kikaonekana: chemchemi, kona ya chini ya jabali, kivuko.

"Pale," alisema Agneta, akimwonyesha kambare mmoja aliyekatika sharubu. "Pale ndipo mama alipokuwa akilowesha mihogo." Kwa miaka mingi alidhani alikuwa ameota tu.

Dismasi alipinga, akichomoa kitambulisho chake mfukoni. "Hizi samaki haina karangamuntu."

"Hata mimi nilikaa miaka arobaini bila karangamuntu," Agneta alimjibu, "na nilikuwa hai."

Niyonkuru aliona hoja ina uzito. Aliandika: mashahidi, mia tatu na kumi na wawili. Akafungua kidau cha wino, nao wakapita mmoja mmoja, kila mmoja akibandika tumbo lake kwenye karatasi. Kazi hiyo ilimaliza karatasi kumi na nne. Kisha akapiga muhuri: maji yarudi.

"Na shamba?" aliuliza Agneta.

"Shamba iko dosiye ingine, mama. Inaenda Bujumbura."

Basi Agneta akashika njia ya mlimani, kambare wakimfuata, na nyuma yao wanawake wa mlima mzima na bidoni zao za kutekea maji. Hakumwachia mtu jembe. Aliuvunja ukingo wa mfereji yeye mwenyewe, na maji yakageuka, yakanguruma, yakashuka juu ya mawe kama mtu anayejua kwao. Kambare wakaingia na kujibana. Wanawake walipiga impundu, vigelegele virefu, hadi wavuvi wa Kigwena, chini ziwani, wakasimama mitumbwini kusikiliza.

Ng'ambo ya kijito, kwenye ile nusu ya shamba la baba yake, vibarua wa Dismasi waliendelea kukata mikungu ya chikichi. Jua lilikuwa kali. Mmoja akaomba maji.

"Kunyweni, kunyweni mshibe," alisema Agneta, akicheka, maji yakimfika magotini. "Mkirudi mumwambie Dismasi kwamba hapo mliposimama ni kwangu."

Walikunywa, wakashukuru, wakarudi kukata.